Siku Mkanda wa Mzee Nyangau Ulipochagua Mashine

Ijumaa hiyo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ujumbe rasmi wa familia ya Mzee Nyangau uliondoka Ikonge kwenda mjini Kisii kununua mashine ya kushonea ngozi. Ujumbe ulikuwa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa Mokeira, mwenye haja. Wa pili alikuwa Emily, bintiye, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na tangu hapo akajiteua mshauri wa familia katika mambo yote yanayopatikana kwenye simu. Wa tatu, na mkuu wa msafara, alikuwa Mzee Nyangau mwenyewe, baba mkwe wa Mokeira na dalali wa ng'ombe kwa miaka arobaini. Hakuwahi kugusa cherehani maishani mwake, wala hakuona kwa nini hilo limzuie kuichagua.

"Kitu kinachobebwa na wanaume wanne," alitangaza, "hakinunuliwi bila mzee."

Mtu ambaye angeweza kubisha ni Duncan, mume wa Mokeira, lakini Ijumaa ilikuwa siku ya kupeleka majani chai kituoni, naye alikuwa shambani tangu alfajiri.

Kabla ya safari Mzee aliomba. Aliombea barabara, akaombea pikapu ya Nyakundi, gurudumu moja baada ya jingine, akamwombea Nyakundi dereva, ambaye alihitaji zaidi kuliko magurudumu. Akaliombea duka, mwenye duka, na mafundi walioiunda mashine huko walikoiundia, popote pale. Ili kufumba mikono vizuri, Mokeira aliweka chini, kwenye nyasi, mfuko wake wa vipande vya ngozi. Mzee aliposema amina, Nyakundi alikuwa keshawasha gari na kupiga honi mara tatu, maana alikuwa na kabichi za kupeleka Gesima mchana. Watu wakakimbia, wakapanda, wakaenda. Mfuko ukabaki kwenye nyasi, ukiwa umeombewa kikamilifu.

Mokeira hakujua. Huko nyuma ya pikapu alikuwa akikitazama kidole gumba chake cha kulia.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameshona ngozi kwa mkono: mikanda, majalada ya Biblia, mikoba ya shule, kamba za ng'ombe. Alitoboa kila tundu kwa msharasi, ule msumari wenye mpini wa mbao, kisha akavuta uzi kutoka pande mbili hadi mabega yalie. Sasa kidole kilivimba kila jioni, na asubuhi hakikukunjika bila kusaidiwa na mkono wa pili. Muuguzi mmoja huko Nyamira alikikanda, akakigeuza, akatikisa kichwa.

"Mama, hiki kimechoka. Ukiendelea kutoboa, mwaka ujao hutashika hata kikombe."

Asiyeshika kikombe hachumi chai pia. Kwa hiyo bonasi ya majani chai ya mwaka huo ilipokuja, Duncan aliiweka yote mezani, akasema, "Nunua mashine." Ingekuwa mara moja tu. Wakinunua isiyofaa, hakungekuwa na bonasi nyingine ya kusahihishia, na kidole hakingengoja.

Duka la Kusum lilikuwa kwenye barabara ya nyuma, mbali kidogo na kelele za soko. Kusum alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alizaliwa Kisii, katika nyumba iliyokuwa juu ya duka hilohilo, na alijua Ekegusii cha kutosha kukataa bei ya kijinga bila kuhitaji mkalimani.

"Bwakire, Mzee," alisema. "Karibuni. Nani anashona?"

"Sisi," alisema Mzee Nyangau.

"Mama yangu," alisema Emily.

Mbele kabisa ilisimama mashine nyeupe inayong'aa kama jino jipya. Ilikuwa na taa ya samawati, kioo kidogo chenye namba, na kitufe cha kukatia uzi. Emily alipoiwasha, ilisema maneno kadhaa ya Kichina kwa sauti ya mwanamke mpole.

"Asante sana," Mzee aliijibu, akavua kofia.

"Imekusalimu tu, Sokoro," alisema Emily. Sokoro ndiye babu, na mjukuu wa Kikisii ana leseni ya kumtania babu yake mpaka mmoja wao achoke. "Usiiulize habari za watoto."

"Wewe bibi mdogo, mwenye adabu husalimu hata mashine."

Mokeira hakucheka. Alikuwa ameshaipenda, au alidhani ameshaipenda. Alipitisha kiganja juu ya ule mwili mweupe laini. Kusum aliwawekea kitambaa cha jaribio, Emily akakanyaga pedali, na mashine ikakimbia kwa mlio mwororo, ikaacha nyuma mshono mnyoofu kama mstari wa daftari. Mokeira aliiona imekaa chini ya dirisha lake Ikonge, akaona majirani wakija kuisikiliza.

"Hii," alisema. "Mama Kusum, nataka hii."

"Umekuja na ngozi?"

"Ndiyo." Mokeira akaingiza mkono kwenye kikapu. Akakuta lesso, akakuta ndizi za njiani, akakuta simu yake. Akapekua tena taratibu, kama mtu anayeamini kwamba ngozi inaweza kujificha chini ya ndizi. Kisha akakumbuka nyasi, na magurudumu manne yaliyoombewa moja moja.

"Nimeisahau nyumbani."

"Basi siuzi," alisema Kusum.

"Lakini pesa ni hizi hapa."

"Pesa nimeziona. Ngozi sijaiona." Kusum alivaa miwani ili waone kwamba hafanyi mzaha. "Sikia, mama Emily. Kwa kitambaa, hapa ndani hakuna mashine mbaya. Mtu ananunua kwa kitambaa, anafika kwake, anaweka ngozi, halafu ananiletea laana. Na mimi siwezi kukujaribia. Ngozi ya ng'ombe huwa siigusi, ni mambo ya dini ya nyumbani kwetu. Kwa hiyo sheria ya hapa ni moja: unashona wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ile ngozi nene kuliko zote unazoshona."

"Si niende niitafute hapa mjini?" alisema Emily, akatoka mbio.

Alirudi baada ya nusu saa jasho likimtoka, na kipande kimoja cha ngozi bandia, laini kama ganda la ndizi mbivu. Mafundi wawili aliowapata walitumia hiyo tu. Muuza ngozi halisi huja Jumatatu.

Nje, Nyakundi alipiga honi. Jumatatu hakungekuwa na pikapu. Kesho ilikuwa Sabato, na kuanzia jua litakapozama leo hakuna atakayenunua wala kubeba kitu. Na Mokeira alijua vizuri kinachotokea kwa bonasi inayolala nyumbani: paa litakumbuka kwamba linavuja, shemeji atakumbuka kwamba ana karo. Aliketi juu ya katoni ya uzi, akaufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto.

"Naomba niichukue hivyohivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Nitakuwa nimekosea mimi. Sitakulaumu."

"Sitaki usinilaumu," alisema Kusum. "Nataka ushone."

Ndipo Mzee Nyangau akakohoa.

Hapa yafaa ieleweke jinsi kikohozi kile kilivyokuwa kizito. Kati ya mke wa mwana na baba mkwe kuna heshima ambayo Wakisii huiita chinsoni. Hawapeani mikono. Hawaketi kiti kimoja. Kitu kikitoka kwa huyu kwenda kwa yule, hupitia kwa mtu wa tatu au huwekwa mezani kwanza. Mzee akiwa mbele ya mke wa mwanawe hafungui hata kifungo cha shingo, jua liwake namna gani. Katika miaka ishirini ya kuishi boma moja, Mokeira hakuwahi kumwona Mzee Nyangau bila koti.

Mzee alitazama dari. Alitazama mlango. Kisha akatembea kwa hatua za mtu anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani, akazunguka nyuma ya rafu ndefu ya uzi, akatoweka.

Ikasikika sauti ya chuma kidogo. Ilikuwa bizimu ya mkanda.

Mokeira aliinuka kama aliyemwagiwa maji, akaupa ukuta uso wake wote. Mbele yake palikuwa na kalenda. Aliisoma kwa bidii, tarehe moja baada ya nyingine.

"Emily," ilisema sauti kutoka nyuma ya uzi. "Njoo. Wewe peke yako. Na ukicheka, sitakuachia urithi."

"Sokoro, urithi gani? Lile jembe?"

"Njoo!"

Emily alikwenda, akarudi ameubeba mkanda kwa mikono miwili. Ulikuwa mpana, mweusi, mnene kama mkate wa jana, ngozi juu ya ngozi. Mokeira hakuhitaji kugeuka ili kuujua. Aliushona mwenyewe miaka tisa iliyopita, wakati kidole bado kizima, kutokana na ngozi ya Meja.

"Meja alikuwa maksai wake," Emily alimweleza Kusum. "Alilima miaka kumi na mmoja. Radi ikampiga."

"Pole," alisema Kusum. "Halafu mkala nyama yake."

"Hapana!" ilifoka rafu ya uzi. "Sisi Wasabato hatuli kilichokufa chenyewe. Na hata kingelika, Meja nisingemla. Nilimzika. Ngozi tu ndiyo iliyobaki juu ya ardhi."

Kusum alivua miwani. "Mlimzika ng'ombe?"

"Tulichimba tangu asubuhi. Tukaimba wimbo mmoja."

"Wimbo gani?"

"Wa mazishi. Wewe ungeimba upi, wa harusi?"

Kusum aliirudisha miwani machoni. Kisha akachukua gazeti, akalitandaza kwa ncha za vidole juu ya meza ya ile mashine nyeupe, ili mkanda upate pa kulala. Akafungua droo, akatoa utepe wa fundi, ule wa njano wenye namba, akaunyosha juu ya rafu bila kuchungulia.

"Mzee, jifunge huu kwanza."

"Mbuya mono," ilijibu rafu, kwa shukrani ya dhati.

Mokeira akageuka sasa, akaketi. Aliuweka mkanda chini ya sindano ya mashine nyeupe, akakanyaga pedali. Kwanza sindano ilikataa kuingia. Akakanyaga tena. Mashine ikaruka, ikalia *tak!*, na kipande cha sindano kikaruka kupita sikio la Emily, kikagonga kalenda. Yule mwanamke mpole wa ndani ya mashine akasema jambo refu la Kichina.

"Anaomba msamaha," alisema Emily.

"Hii ni ya mashati," alisema Kusum. "Ina mbio sana, nguvu hakuna. Jaribu ile ya pili."

Ile ya pili, ya kijani, ilipenya. Mokeira alianza kutabasamu, halafu akauinua mkanda akaona: ngozi ya chini ilikuwa imesogezwa mbele, ya juu imebaki nyuma, na mshono ukakaa upande kama mlevi anayesindikizwa nyumbani. Meno ya mashine yalivuta kutoka chini tu. Juu hakuna kilichosaidia.

Mokeira aliigeukia ile nyeupe. Angenunua ile nyeupe. Alikuwa amekwisha kuinunua moyoni, bonasi yote, na sindano ingevunjikia Ikonge, chini ya dirisha lake, majirani wakisikiliza.

"Njoo huku nyuma," alisema Kusum.

Ya tatu ilikuwa kwenye kona, kijivu, bila taa, bila salamu. Haikuwa na meza pana. Ilikuwa na mkono mnene wa chuma uliotokeza mbele kama gogo, ili mkoba au kiatu kiweze kuzungushwa pale. Kando yake palikuwa na gurudumu la kuzungushia kwa mkono, siku ambazo stima imepotea, na Ikonge hupotea sana. Emily aliitazama kwa huruma.

"Hii inafanana na Sokoro," alisema.

"Nimesikia!" ilisema rafu.

Mokeira akauweka mkanda. Akakanyaga pedali kwa woga. Sindano nene ikashuka polepole, ikaingia katika ngozi mbili za Meja bila kelele, na ilipokuwa ndani, mguu wa kubania ukainuka, ukapiga hatua, ukatua, na ngozi zote mbili zikasogea pamoja. Ikashuka tena. Ikapiga hatua tena. Dug. Dug. Dug. Tundu moja, lingine, lingine, na katika hayo yote kidole gumba hakikufanya kazi nyingine ila kuelekeza.

Aliposhona urefu wa shubiri mbili, Mzee Nyangau alitoka nyuma ya uzi, kwa kuwa hakuweza tena kuvumilia kusikia bila kuona. Alikuwa amefungwa utepe wa njano kiunoni, ncha yake ikining'inia hadi gotini, koti limefungwa vifungo vyote juu yake. Alisimama mbali, kwa heshima, akasikiliza.

"Emily, mwambie mama yako," alisema. "Hiyo inatembea kama Meja. Haikimbii, lakini haisimami."

Mokeira alisikia kila neno, akangoja Emily amwambie, kama inavyotakiwa. Lakini kabla Emily hajafungua kinywa, machozi yalikuwa yameanguka juu ya mkanda.

"Mwambie Tata asante," alisema bila kuinua macho. "Mwambie... mwambie asante."

"Sokoro, anasema asante. Na mimi nasema kiuno chako ni inchi arobaini na mbili."

Mapatano ya bei yaliendeshwa na Mzee akiwa ndani ya utepe huo, mkono mmoja ukiongea na mwingine ukishikilia suruali, kwa ukali uleule aliowahi kuwashinda nao wanunuzi wa ng'ombe wa Kenyenya. Kusum alipunguza kidogo, akaongeza sindano kumi za ngozi na uzi mnene wa nailoni. Kisha akamketisha Mokeira tena, akamfundisha kutia mafuta, kubadili sindano na kulegeza uzi, mpaka Nyakundi akaacha kupiga honi, akaja ndani kuangalia. Wanaume wanne waliibeba mashine. Mzee hakuwa mmoja wao. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Walifika Ikonge jua likiwa bado juu ya miti ya mikaratusi. Duncan na majirani wakaishusha, wakaiweka chini ya dirisha. Na hapo likaja jaribu kubwa la imani: jua lilizama, Sabato ikaingia, na mashine ikabaki pale imefunikwa lesso, isiguswe mpaka jua la kesho lizame. Mokeira alipita karibu nayo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kanisani siku iliyofuata, wakati wa shukrani, Mzee Nyangau alisimama. Alikuwa ameufunga mkanda juu ya koti, na kila mtu aliuona: mistari yake ya zamani ya mkono, na pembeni yake matundu ya mashine nyeupe, mshono uliokwenda upande, na ule ulionyooka.

"Namshukuru Mungu kwa mashine ya mke wa mwanangu," alisema. "Jinsi ilivyopatikana sitaeleza."

Akaketi. Emily akapatwa na kikohozi, akatolewa nje akanywe maji.

Jumapili asubuhi Mokeira alimtuma Emily amwombe Sokoro mkanda, aifumue ile mishono mibaya na kuurudisha kuwa mzuri. Jibu lilirudi na mtu yuleyule: Mzee amekataa. Kama kuna mtu anayetaka kujua mashine gani haifai kwa ngozi, na aje asome kiunoni mwake.

Basi Mokeira akaanza kazi ya pili, zawadi ya kumpelekea Kusum. Alitandika ngozi yake bora kuliko zote, ya hudhurungi, aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya mtu maalumu. Akachora pochi. Alikuwa ameshika mkasi, ukingo wa ngozi uko tayari kati ya makali, alipokumbuka lile gazeti ambalo Kusum alilitandaza ili asiiguse ngozi.

"Ala!" alisema peke yake. "Nampelekea mama wa watu ng'ombe."

Aliikunja ile ngozi akairudisha kabatini. Akaenda ghalani, akachukua turubai la kijani lililobaki walipofunika mahindi, akalifua, akalianika, akalikata. Akashona mkoba wa sokoni, vishikio vya kukunjwa mara nne, chini tabaka sita, na mashine ikapiga hatua juu ya yote bila kubadili mwendo. Haukuwa na unywele wa mnyama.

Jumatatu aliupeleka Kisii pamoja na mkungu wa ndizi na ule utepe wa njano uliofuliwa na kukunjwa. Kusum aliugeuza mkoba ndani nje. Alivuta vishikio kwa nguvu, akasogeza miwani, akafuata mshono kwa ukucha tangu mwanzo hadi mwisho. Alipogundua kwamba hakuna hata kipande cha ngozi, alimtazama Mokeira kwa muda, kisha akatia ndani yake chupa yake ya chai na kitabu chake cha simu, akautundika kwenye msumari nyuma ya kiti chake.

"Utepe umrudishie Mzee," alisema. "Akapimie ng'ombe."

"Alitarajia utasema hivyo. Amekwisha kuwaambia watu sokoni kwamba ni wake."

Kusum akacheka. Kisha akanyosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa kulia wa Mokeira, akakibonyeza kidole gumba taratibu, pale pale alipobonyeza muuguzi.

"Na hiki?"

Mokeira alikikunja. Kilikunjika nusu, kikasita, kikamalizia safari peke yake.

"Kimepumzika siku tatu," alisema. "Leo asubuhi kimeshika kikombe."